Mazoezi Tunaagizwa, Njia Hatuonyeshwi

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari, na karibu kila mara tumemaliza kwa wosia ule ule: punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi. Leo naomba nijisute hadharani juu ya hilo la tatu. Kusema "fanya mazoezi" ni kazi nyepesi sana. Mimi mwenyewe, katika miaka zaidi ya ishirini ya kukaa nyuma ya meza ya zahanati, nimelisema mara zisizohesabika, tena nikiwa nimeketi. Lakini sikumbuki kama nilipata kumwuliza mgonjwa hata mmoja swali dogo linalofuata hapo: utayafanyia wapi?

Aliyenifundisha kuliuliza ni mama mmoja muuza vitumbua wa hapa hapa Mwembesongo. Alikuja akilalamika kiu isiyokwisha na kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Tulipompima tulikuta sukari imepanda na presha ni 160 kwa 100. Alipewa vidonge, akaelezwa vyakula vya kupunguza, na mimi nikamwagiza mazoezi, nusu saa kila siku. Mama yule ni mtii. Vitumbua vyake huisha saa tatu asubuhi, baada ya hapo ni soko, jiko na wajukuu. Hivyo akaitafuta nafasi yake saa kumi na moja jioni, akajifunga kanga kiunoni, akavaa kandambili, akaenda kwenye reli. Alianza kwa kutembea. Baada ya majuma matatu akawa anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia tena. Mwezi wa pili sukari ilikuwa imeshuka vizuri na gauni lake lilikuwa linampwaya. Nilimsifu mbele ya wagonjwa wengine waliokuwa kwenye benchi. Sikumwuliza anakimbilia wapi.

Mwezi wa tatu mvua za masika zilikijaza maji kijinjia cha kando, naye akapanda juu kwenye kokoto. Jiwe likageuka, kifundo cha mguu kikateguka, kandambili ikakatika, na chini ya kidole gumba akapata kidonda kisichozidi punje ya hindi. Kifundo kilimwuma. Kidonda hakikumwuma, kwa sababu sukari iliyokaa mwilini muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Akafunga kifundo kwa kitambaa, akatulia nyumbani. Siku ya tisa mjukuu wake ndiye aliyesikia harufu. Hospitalini walimkata vidole viwili.

Nilipokwenda kumwona aliniomba radhi. "Nisamehe, daktari, yale mazoezi yako sitayaweza tena." Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Msomaji wa mbali, asiyeujua mji wetu, anaweza kuuliza kwa nini mama huyo aende kwenye reli wakati Morogoro ni mji wenye nafasi. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kusini milima ya Uluguru inasimama kama ukuta. Kilele cha Bondwa, tunachokiona kila asubuhi mawingu yakiruhusu, kinapita mita 2,000. Barabara zote zinazoelekea huko ni za kupanda. Kijana mwenye mapafu mazuri atakimbia hadi Rock Garden na kurudi, naye atafurahi. Mtu wa miaka 50 mwenye presha, mwenye kilo 90, akipanda mlima kwa mbio siku ya kwanza, moyo wake unaweza kumshitaki. Upande wa Msamvu kuna barabara kuu za Dodoma na Iringa, na malori yanayokwenda Zambia na Kongo hayamsubiri mtu anayehema. Mitaani kwetu kuna mitaro iliyo wazi, bodaboda, bajaji na mbwa. Uwanja wa Jamhuri upo, lakini una ratiba zake na si wa kila mtu kila jioni. Chuo Kikuu cha Sokoine kina barabara nzuri zenye kivuli; kwa mama wa Mwembesongo kufika huko ni nauli ya kwenda na kurudi, na faida ya vitumbua haitoshi mzaha huo.

Inabaki reli. Nayo, ukiitazama kwa macho ya mkimbiaji, ni zawadi. Treni haiwezi kupanda mlima kama gari. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza pale ambapo tairi lingeshika, kwa hiyo kila mjenzi wa reli tangu zamani hutafuta mteremko mpole kuliko wote, hata kama itambidi azunguke. Wajerumani walioanza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, hawakuthubutu kuuparamia mlima. Walipita chini yake, bondeni. Palipokuwa na shimo walijaza tuta, palipokuwa na kilima walikata. Matokeo yake ni ukanda mrefu, ulionyooka, usiokuwa na kona za ghafla, ambao mguu wa mgonjwa unaupenda bila kujua kwa nini. Wale waliouchimba kwa jembe na karai, wengi wao watu wa nchi hii, hawakujua kwamba walikuwa wanawatengenezea wajukuu wao mahali pa kupunguzia sukari.

Ndiyo sababu ukienda pale saa kumi na mbili asubuhi utakuta kijiji kizima. Wapo wanafunzi wanaokatisha kwenda shule, wapo wanaume wa makamo wenye vitambi na taulo shingoni, wapo vijana wanaokimbia kwa makundi wakiitikiana kama sisi tulivyofanya kwenye mchakamchaka wa shuleni. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, vijana hao wameongezeka. Sisi wa zamani tulikuwa na Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974. Ni vizuri kwamba na wao wamepata wa kwao. Akina mama ni wachache zaidi, kwa sababu inayojulikana. Mwanamke mtu mzima akikimbia, mtaa mzima hutazama nyuma yake kuona ni nani anayemfukuza, na wasipomwona hucheka.

Wacheke, lakini wasikilize. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la damu, na karibu tisa katika kila mia walikuwa na kisukari. Hayo si maradhi ya matajiri tena. Ni ya muuza vitumbua, ya fundi cherehani, ya dereva wa bajaji anayeketi saa kumi na mbili kwa siku, na ya mwandishi wa ukurasa huu ambaye amejipima mwenyewe akanyamaza siku mbili. Ukitaka kujua nani hayamsumbui sana, watazame akina mama wa Kiluguru wanaoshuka alfajiri kutoka Mbete na Choma na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wakarudi jioni kwa miguu. Hao hawahitaji somo langu. Wanaohitaji ni watoto wao walioshuka mjini wakapata kiti.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kila juma angalau dakika 150 za kazi ya mwili ya wastani, kama kutembea haraka, au dakika 75 za kazi nzito kama kukimbia. Unapokimbia polepole, misuli ya mapaja, iliyo mikubwa kuliko mingine mwilini, huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale ambapo insulini ni chache au haifanyi kazi sawasawa, na huendelea kuchota kwa saa nyingi baada ya wewe kuoga na kulala. Kesho kutwa faida hiyo huwa imepungua. Kwa hiyo mazoezi ya Jumamosi peke yake, pamoja na kelele zake zote, hayatoshi. Mishipa ya damu nayo hulegea na kutanuka vizuri zaidi. Mtu mwenye presha akidumu na zoezi kwa miezi michache, presha yake ya juu hushuka kwa nukta tano hadi nane, sawa na kazi inayofanywa na kidonge kimoja. Sisemi uache kidonge. Nasema usikiachie kidonge kazi peke yake.

Sasa turudi kwenye reli, maana hapo ndipo uzuri wote huu unapogongana na chuma.

Reli yetu ni ya upana wa mita moja. Mataruma yamelazwa karibu-karibu mno kwa hatua ya mtu anayekimbia, na ukiruka moja inakuwa mbali mno. Kwa hiyo mtu anayekimbia katikati ya reli anakimbia kwa kuhesabu, macho chini, naye haoni kinachokuja. Mataruma ya chuma yakilowa umande huteleza kama sabuni. Kokoto zimewekwa pale ili zicheze kidogo chini ya uzito wa treni na kuyapitisha maji. Ni ubora kwa reli, ni adui kwa kifundo cha mguu. Halafu behewa ni pana kuliko reli yenyewe: mtu anayedhani yuko salama kwa sababu amesimama nje ya chuma anaweza kupigwa na ngazi au mlango. Treni ya mizigo haisimami kama bajaji. Dereva akikuona na kufunga breki zote, mabehewa yatakwenda mamia ya mita bado, na yeye hana usukani wa kukukwepa.

Watu husema, "Nitaisikia." Hapana. Upepo ukivuma kutoka mgongoni mwako kwenda inakotoka treni, huichukua sauti ikaenda nayo. Na kiberenge cha mafundi wa njia hakina kishindo cha treni. Siku moja kwenye ukungu nilikuwa mbele ya kijana mmoja aliyeziba masikio yote mawili kwa redio za siku hizi. Mimi nilikisikia kiberenge, yeye hakukisikia. Nilimvuta kwa fulana, ikachanika, naye akanikunjia ngumi kabla hajageuka kuona kilichopita. Hatukuzungumza tena hadi mtaani. Pale akaniomba nisimwambie mama yake.

Zaidi ya hayo, kutembea kwenye reli bila idhini ni kosa kisheria. Wengi hawajui, na wanaojua wanaona watu wengi wakifanya.

Hapa ndipo vijana wetu wanapoleta hoja yao, na hoja hiyo imenifanya niandike makala hii. Wanasema hivi: treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ina reli yake pana na stesheni yake mpya kule Kihonda, basi hii ya mkoloni ya nini tena? Ing'olewe, kokoto zisambazwe, tuta liachwe liwe njia ya wakimbiaji na baiskeli. Kijana mmoja alinieleza kwamba Marekani na Uingereza wamefanya hivyo.

Kuhusu Marekani na Uingereza hakukosea. Huko, malori na magari binafsi yalipoua treni nyingi ndogo baada ya vita kuu ya pili, zilibaki maelfu ya kilomita za matuta yaliyoota majani. Katika jimbo la Wisconsin serikali ilinunua njia ya reli iliyofungwa kati ya miji ya Elroy na Sparta, karibu kilomita 51 zenye mahandaki matatu, ikaifungua mwaka 1967 kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Kule Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Bath, wananchi wa kujitolea walianza mwaka 1979 kutengeneza njia juu ya reli iliyokufa, na mwaka 1986 walikuwa wamemaliza kama kilomita 21. Watu wa huko leo huikimbia wakitoka kazini. Ningekuwa mkazi wa Bath ningekuwa mmoja wao, na kitambi changu kingekuwa kimekwisha kusahaulika.

Lakini wenzetu walichukua reli iliyokufa. Ya kwetu haijafa, na mimi ni miongoni mwa wasiotaka ife. Reli hii ya kati, kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, ilikarabatiwa miaka ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkopo ambao mimi na wewe tutaulipa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoisomba njia kule Kilosa na Gulwe, tuliona jinsi mizigo ilivyohamia kwenye malori, na malori hayo hayo ndiyo yanayotufukuza barabarani tunapotaka kukimbia. Mtu anayeiua treni ili apate mahali pa mbio anajiongezea malori mlangoni. Hesabu hiyo sikuielewa kijana alipoanza kunieleza, na siielewi hadi leo.

Tena reli inayoonekana imelala si lazima iwe imekufa. Ndugu zetu wa Kilimanjaro na Arusha walikaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa, wakijua kwamba reli ni mahali pa kupita mbuzi na kuanikia nguo. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Laiti tuta lile lingekuwa limegeuzwa kuwa njia ya matembezi, nani angelirudisha? Na tusidhani kwamba reli ikifa ardhi yake hubaki ikiwasubiri wenye viatu vya mbio. Zanzibar ilikuwa na treni yake ya kwenda Bububu tangu 1905. Leo aendaye Bububu anapanda daladala. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962, chuma kikang'olewa. Wagonjwa wa kisukari wa Nachingwea hawakupata njia ya mbio kutokana na hilo.

Ninachokidai mimi ni kidogo kuliko wanachokidai vijana, na nadhani ni kigumu zaidi kukikataa. Kando ya reli, ndani ya eneo la hifadhi yake, kuna ardhi ambayo treni haiigusi. Marekani hiyo hiyo inazo njia za namna hii pia: treni inapita, na pembeni yake, kwa umbali wa kutosha na nyuma ya uzio, watu wanakimbia. Reli mpya ya umeme yenyewe imewekewa uzio pande zote mbili, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba uzio ni jambo geni nchini. Basi Shirika la Reli na Halmashauri ya Manispaa wakae meza moja, wapime kipande cha kilomita mbili tu upande wa mitaa yetu, mahali wahandisi watakapoona panafaa. Wamwage changarawe na kuishindilia, upana wa mita mbili, mtaro wa maji ukiwa upande wa reli na si upande wa watu. Uzio ukiwa ghali, ipandwe michongoma. Bibi zetu waliwazuia ng'ombe kwa michongoma na ng'ombe ni mkaidi kuliko mkimbiaji. Viwekwe vivuko viwili vya kueleweka, ili mwanafunzi asivukie popote.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza jambo la fedha, na sina jibu la fedha zaidi ya kuuliza gharama ya kukata vidole viwili, kufunga kidonda kwa miezi minne, na mama wa familia kutouza vitumbua muda wote huo. Litasemwa pia kwamba hifadhi ya reli si bustani. Ni kweli, lakini watu wako pale tayari, kila asubuhi, na kibao cha onyo hakijawaondoa. Kibera, jijini Nairobi, ambako vibanda vilisogea hadi treni ikawa inapita kama kwenye korido ya nyumba, Shirika la Reli la Kenya kwa fedha za Benki ya Dunia lilijenga nyumba za kuwahamishia watu, likajenga ukuta na vivuko. Walikubali kwanza kwamba watu wapo, ndipo wakapanga.

Ugumu ninaouona mimi ni mwingine. Katika ukanda huo wapo waliopanda mchicha na mahindi, baadhi yao ni wagonjwa wangu, na mchicha huo ndio huo huo ninaowahimiza kula. Njia ikipita, bustani kadhaa zitakwenda. Sitaki kujifanya kwamba hilo ni dogo. Wahusika waambiwe mapema, wavune, waonyeshwe pengine. Wasiamshwe na greda. Pia akina mama wameniambia wazi kwamba njia ya peke yake, yenye michongoma pande mbili na giza la saa moja jioni, hawataitumia hata ikitandikwa zulia. Hoja yao imenigeuza mawazo: michongoma iwe upande wa reli peke yake, upande wa nyumba uachwe wazi, watu waonekane kutoka madirishani. Taa mbili tatu hazitamfilisi mtu.

Wakati tukiwasubiri wakubwa, mwili hausubiri, kwa hiyo niseme na tunachoweza kufanya sasa. Wewe unayekwenda relini, shuka kwenye kokoto. Pita kijinjia cha chini kabisa, mbali na chuma, na kama maji yamekijaza, siku hiyo rudi nyumbani; hakuna aliyekufa kwa kukosa mbio siku moja. Masikio yawe wazi yote mawili. Usivuke mbele ya behewa lililosimama wala chini yake. Usiende peke yako, na ukiwa na mtoto mshike mkono. Asiyelazimika kwenda relini na aende kwenye uwanja wa shule jioni wanafunzi wanapotoka. Wakuu wa shule niliozungumza nao hawakukataa, walitaka tu tusiache chupa. Uwanja wa parokia nao umelala wazi siku tano katika juma, na ni tambarare.

Anayeanza, aanze kwa kutembea. Kipimo changu ni maneno: unapokimbia uwe unaweza kumjibu mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa hata kusema ndiyo, punguza mwendo. Mwenye presha iliyofika 180 kwa 110 asianze mbio hadi dawa ziishushe. Anayebanwa na kifua, maumivu yakaenda kwenye bega au taya, asimame papo hapo na aende hospitali. Asisubiri kuona kama yataisha. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi asikimbie na tumbo tupu, na awe na vipande viwili vya sukari au pipi mfukoni, maana kwake kutetemeka na jasho baridi si uchovu, ni sukari iliyoshuka mno. Mwenye homa akapime malaria kwanza, mbio baadaye.

Na viatu. Sisemi vya bei kubwa. Mitumba ya sokoni ina viatu vizuri kwa anayejua kuchagua. Kiwe kimefunika vidole, kisibane, na ndani usikose soksi. Kabla ya kuvaa, kung'uta. Baada ya kuvua, mwenye kisukari akae chini, aitazame miguu yake yote miwili, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama amwite mjukuu. Akiona alama yoyote mpya, hata ndogo kama punje ya hindi, aje siku hiyo hiyo.

Mama wa vitumbua amerudi kazini. Sasa huzunguka uwanja wa shule kila jioni, kwa kutembea, na viatu alivyonunuliwa na mwanawe aliye Dar es Salaam, cha kulia kikiwa kimejazwa kitambaa mbele mahali pa vidole. Juma lililopita alifikisha mizunguko kumi. Nimemwuliza kama atakubali kuja nami kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani siku tutakapopeleka ombi la njia, akasema atakuja, ila iwe baada ya saa tatu, vitumbua vikiisha.